Hamna Kitu

Chiang Rai, kaskazini mwa Thailand, Ijumaa usiku.

Wiki hii nimesaini mkataba wa kufundisha huku mwaka mwingine, mke wa kaka kajifungua salama mtoto wa kike ambaye jina lake bado linagombewa, na kinachoninyima usingizi ni sentensi moja ya bibi wa Kilahu, kabila la milimani huku, ambayo hata sikuielewa.

Nilishawaambia kuwa nitakwenda kwao msaidizi wangu wa darasa, kijijini kwa Walahu. Tarehe 5 Desemba huku ni mapumziko, siku aliyozaliwa marehemu mfalme Bhumibol, na ndiyo sikukuu ya akina baba. Mwaka huu ikaangukia Ijumaa, tukapata siku tatu. Shemeji yake akatupokea Mae Suai na pikapu, mimi nikawekwa mbele kwa ajili ya ugeni, msaidizi akakaa nyuma juu ya magunia ya mbolea. Lami ikaisha, zege likaisha, mwisho ikabaki njia nyekundu ya kupandia na gia ya kwanza.

Nyumba kama thelathini hivi, mgongoni mwa mlima. Nyingi sasa zina mabati na matofali, lakini ya kwao bado imesimama juu ya nguzo, sakafu ya mianzi iliyopasuliwa. Ukijigeuza usiku, nyumba nzima inajua umejigeuza. Chini ya sakafu hiyo, mama usisome hapa, nguruwe. Baridi yake ni ile ya Lushoto mwezi wa saba, halafu uongeze.

Msaidizi alikuwa amewaeleza mapema kwamba nguruwe sili, na kuku pia mpaka nijue kachinja nani. Bibi yake hakuuliza maswali. Alinunua samaki wa kopo. Makopo sita ya dagaa wa nyanya, akayapanga mbele yangu juu ya mkeka kama anayepanga kete za bao, akachagua moja, akalitoboa kwa ncha ya panga na kulizungusha polepole mpaka mfuniko ukakunjuka. Mchuzi ukamchuruzika kidoleni, akaulamba, akanisogezea. Wali, majani ya haradali, pilipili ya kuponda, na kopo langu. Nikakumbuka tulivyolelewa: mgeni siku ya kwanza, mpe mchele na panza, yaani samaki. Nikajisemea, Tanga wamenitangulia huku.

Jumamosi nitaipitia haraka. Shemeji aliamka alfajiri akapasua kuni bila kutumwa na mtu. Kwa Walahu kijana akioa huenda kwanza kukaa kwa wakwe na kuwafanyia kazi. Mume wa dada mkubwa, kama unasoma, soma tena. Bibi akanionyesha mteremko ambao marehemu mumewe alikuwa analima kasumba. Leo ni kahawa, na kahawa yenyewe yeye haitii mdomoni, anasema chungu bure. Jioni wakatoa kitabu cha nyimbo za kanisani. Wao ni Wabatisti, na maandishi yao waliachiwa na wamisionari: herufi zile zile zetu, ila silabi nyingi zinafuatwa na kialama, mara kofia, mara kistari, kuonyesha sauti ipande au ishuke. Sauti zenyewe saba! Nikasoma mstari mzima kwa Kiswahili changu kilichonyooka. Wakacheka mpaka shemeji akatoka nje. Kicheko hicho hakikuniuma hata kidogo, kwa sababu nilijua nachekwa nini.

Jumapili ndiyo iliyonivuruga.

Niliamka, nikasali, nikakunja blanketi. Lile zito, la maua mekundu, linalonukia moshi. Nikalikunja mara mbili, mara nne, pembe kwa pembe, nikaliweka juu ya mto, nikalipigapiga likae sawa. Bibi alikuwa mekoni, anaweka kuni. Akageuka, akaniangalia, akaangalia blanketi, akasema neno refu. Wote wakacheka. Si kicheko cha jana. Kifupi, cha puani.

"Kasema nini?" nikamuuliza msaidizi.

"Mai mi arai," akanijibu kwa Kithai.

Mai mi arai. Yaani hamna kitu. Na wenzangu wa pwani mnajua siku ya tatu ya mgeni husemwaje: nyumbani hamna kitu.

Sentensi yote ile, mimi nilihesabu pumzi mbili, halafu tafsiri yake iwe hamna kitu? Mimi ni mwalimu wa lugha. Mimi mwenyewe nimejibu "hamna kitu" mara ngapi, mzazi akiniuliza mtoto wake kasema nini darasani! Njia nzima ya kuteremka nikawa nachambua. Labda ni sala yangu. Nilivyosujudu sakafu ililia kama mlango mbovu. Labda ni makopo, nilimaliza manne kati ya sita. Labda ni nywele. Sokoni hapa mjini watu hunishika nywele bila kuomba, nimezoea, ila kwa bibi yule sikutaka iwe hivyo. Jumatatu nikaipeleka darasani. Jumanne nikaota nguruwe wanaizungumza. Nilimuaga bibi kwa maneno niliyofundishwa, "aw bon ui ja", asante yao, ambayo ukiifungua ndani ni baraka kubwa sana, na sasa nikawa najiuliza kama hata hiyo niliitamka kwa sauti isiyo yake.

Jana, tukiwa kwenye mashine ya fotokopi, nikashindwa. Nikamwambia, niambie tu, sitakasirika.

Akacheka kile kile cha puani. "Bibi alisema, huyu anakunja kama anarudisha dukani."

Basi. Hiyo tu.

Nikacheka kweli, mpaka karatasi zikaniponyoka. Akaendelea kusema kwamba bibi hajalikunjua. Kaliweka juu, pale wanapotundika mahindi ya mbegu, likiwa na mikunjo yangu vile vile, na mjukuu mdogo alipolitaka kwa baridi kakatazwa. Kwamba mwenye nalo atakuja kuliharibu mwenyewe.

Nilikwenda darasani natabasamu. Kipindi cha nne ndipo ikanigeukia. Mwezi wa sita, asubuhi ya kuondoka nyumbani, nilivua mashuka kitandani kwangu, nikayakunja, nikaweka na foronya juu yake. Mama alisimama mlangoni na kikombe cha chai. Akasema, "Ungeyaacha tu." Nikamjibu sitaki nikuachie kazi, na nikajiona mtoto mwema kweli. Hakusema tena. Aliondoka na chai yenyewe, na ilikuwa yangu.

Nimeuangalia mkataba. Unaanza mwezi wa tano, mwaka mzima.

Halafu nimefungua pasipoti ili niweke nakala, na ile karatasi ya uhamiaji, ya sisi wageni kuripoti tunapokaa kila siku 90, siioni. Siku zenyewe ziliishia Jumatano, na Jumatano ilikuwa sikukuu ya Katiba. Wanaruhusu siku 7 za kuchelewa. Jumatatu ni lazima niwe kwenye foleni saa mbili, na sina hakika kama ni mimi niliyeitoa au ilibaki kwa mwenye nyumba alipokwenda kuipiga nakala.