Marehemu wetu wa Sikonge

Leo nimewakumbuka sana marehemu wa kijijini kwetu, Sikonge, mkoani Tabora, Tanzania. Babu mrina asali, aliyebandua magome ya miombo akatengeneza mizinga, akaipandisha mitini kwa kamba na kulala porini siku nyingi. Akirudi, masega ya kwanza yalikuwa yetu watoto, mnunuzi atasubiri! Na bibi mkunga: wengi wa rika langu tumepitia mikononi mwake, malipo yake kuku au karanga kidogo. Hao ndio waliohamishwa na Operesheni Vijiji, mpango wa serikali wa kuwakusanya watu katika vijiji vya pamoja, miaka ya 1970, wakajenga upya.

Makaburi yao yamemezwa na majani, inaniuma. Ndugu zangu, Jumamosi tukayafyeke. Mwenye picha za zamani azilete, na majina kamili tuwaulize wazee waliobaki, tuyaandike daftarini.