Jinsi nilivyofikisha kundi la mbuzi wa Malya kizazi cha nne hapa Masasi

Mbuzi wa Malya husifiwa kwa damu safi, ingawa damu hiyo yenyewe ni mchanganyiko: katika kituo cha Malya, wilayani Kwimba, watafiti walichanganya Kamorai wa Pakistani, Boer wa Afrika Kusini na mbuzi wetu wa kienyeji, kwa asilimia 55, 30 na 15, wakikusudia kupata mnyama mmoja wa nyama na maziwa atakayestahimili ukame. Hilo ndilo lililonipa moyo wa kuanza na majike wa kienyeji niliokuwa nao. Fedha za kununua kundi zima na kulisafirisha kutoka mikoa ya kati sikuwa nazo, na hata kama ningekuwa nazo, nisingependa kuwaacha majike waliokwisha kuzoea joto na minyoo ya kwetu.

Kwa hiyo nilinunua beberu tu, kutoka kwa mfugaji wa Dodoma aliyeweza kunionyesha daftari lenye kumbukumbu za mama yake. Watoto wa kwanza huwa na nusu ya damu ya Malya; majike wao wakipandishwa na beberu mwingine wa Malya asiye na udugu nao, wajukuu hupata asilimia 75, kisha 87.5, na katika kizazi cha nne karibu 94. Kwa kuwa jike hupandishwa akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi, na mimba huchukua siku 150, kila kizazi huhitaji karibu mwaka mmoja na nusu hata mambo yakienda vizuri. Asiyeweza kusubiri miaka sita ni afadhali anunue mbuzi waliokwisha kukamilika.

Beberu mgeni simchanganyi na wenzake siku anayofika. Wafugaji wa mkoa huu wa Mtwara hatuna sababu ya kusahau kwamba mwaka 2010 sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa wa virusi unaoambukiza upesi, ilionekana Tandahimba na Newala, na kuingia kwake kulihusishwa na mbuzi walionunuliwa katika mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Mgeni wangu hukaa wiki tatu katika banda la peke yake, mbali na njia ya kundi, na wenyeji wote huwa wamekwisha kuchanjwa kabla hajafika.

Kazi kubwa, hata hivyo, haikuwa kuleta damu bali kuchagua. Mfugaji anayetazama umbo peke yake atapata mbuzi wakubwa wenye viwele vidogo, na anayetazama maziwa peke yake ataishia na majike waliokonda ambao mnunuzi wa nyama hawataki. Mimi hutumia vipimo viwili. Mara moja kwa wiki tunawatenga watoto jioni, na asubuhi mke wangu hukamua chuchu moja huku mtoto akinyonya nyingine, kisha kiasi kilichopatikana huandikwa mara mbili yake. Kipimo cha pili ni uzito wa mtoto anapoachishwa kunyonya, akiwa na miezi mitatu, kwa sababu uzito huo hueleza kwa pamoja ukuaji wa mtoto na maziwa ya mama. Pacha hulinganishwa na pacha, la sivyo jike anayezaa mmoja ataonekana bora bila kustahili. Jike aliyeshika nafasi ya chini katika vipimo vyote viwili kwa uzao wa kwanza na wa pili huuzwa, hata awe na rangi ya kupendeza namna gani.

Madume wa vizazi vitatu vya mwanzo niliwahasi wote. Jirani yangu hakupendezwa: "Mwalimu, beberu mzuri kama huyu unamhasi kweli?" Nilimjibu kwamba chotara wa kwanza mara nyingi humpita mzazi wake kwa nguvu na ukuaji, lakini sehemu kubwa ya ubora huo hutokana na kuchanganyika kwenyewe, na watoto wake hawataurithi wote. Hata hivyo hasara haikuwapo, kwani mahasi hao waliuzwa wakati wa malipo ya korosho, wanunuzi wakiwa na fedha mkononi.

Beberu naye hubadilishwa kabla mabinti zake hawajafikia umri wa kupandishwa, kwa maana mtoto wa baba na binti huwa na kiwango cha udugu wa damu cha asilimia 25, nacho huonekana upesi katika vifo vya wachanga. Watoto wa kiume hutengwa wakiwa na miezi mitatu hadi minne, kwa kuwa wanaweza kupanda mapema kuliko wengi wanavyodhani.

Kalenda yetu imefuata mvua moja ya kusini. Napandisha Desemba na Januari ili watoto wazaliwe Mei na Juni, matope yakiwa yamepungua na majani yangalipo. Kisha majani na maganda ya mbaazi baada ya mavuno huwashikilia majike wanaokamuliwa wakati wa kiangazi. Mabibo nawapa yaliyokaushwa, tena kidogo kidogo. Katika masika nafunua kope za kila mbuzi na kutazama utando wa ndani. Aliyepauka, dalili kwamba minyoo inamnyonya damu, hupewa dawa ya minyoo, na anayepauka mara kwa mara huondolewa katika uzazi, nisije nikaitupa ile faida niliyoipata kwa majike wa kienyeji.

Sasa kizazi cha nne kimeanza kuzaa. Kwa mara ya kwanza nimebakiza madume bila kuwahasi, ila wale tu ambao mama zao walikuwa juu katika vipimo vyote viwili, na beberu wa kutoka nje namtafuta kwa ajili ya kuepusha udugu, si kwa kupandisha damu tena.