Mchungwa wa nyuma ya jiko

Jana usiku mama aliniuliza tena kama mchungwa umemwagiwa maji. Hapa kwangu Tabata hakuna mchungwa, kuna sakafu ya saruji na tangi. Nikamjibu, "Ndiyo mama, nimeumwagia."

Mchungwa anaoulizia uko Muheza. Nilikuwa darasa la sita Babu alipoamua kujenga jiko pale pale uliposimama, akasema mti haukatwi, unahama. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja, nikaenda kuchukua jembe. Babu alitumia karibu mwaka mzima.

Wakati wa masika alichimba mfereji wa nusu duara, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, maana shina lenyewe lilikuwa nene kama kiwiko changu. Nilipougonga mzizi kwa jembe akanishika bega. "Acha. Jembe linachana, na kidonda kilichochanika kinaoza. Lete msumeno." Akakata mizizi mmoja mmoja, kisha akafukia kwa udongo wa juu uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyooza. Nusu ya pili aliiacha mpaka vuli, ili mti usikose pa kunywea.

Vuli ilipofika, kabla hatujaanza upande wa pili, aliniita. Alipiga magoti akaanza kufukua kwa vidole pale tulipokata mwanzo, taratibu kama anayetafuta sindano. Mzizi ukatokea. Ukingo wa kidonda ulikuwa umevimba kama mdomo unaotaka kufumba, na kando yake vimechipuka vijizizi vyeupe, vyembamba kama tambi, vingi sana, vimeng'ang'ania punje za samadi. Nikanyoosha kidole. Babu akaudaka mkono wangu.

"Hivi ndivyo vinavyokunywa, mjukuu wangu. Ile minene inashikilia na kupitisha. Ungeung'oa siku ile na jembe lako, vya kunywea vingebaki kule mbali ardhini. Sasa vimekuja karibu, tutaondoka navyo."

Akavifukia haraka, jua lisivipige.

Machi, mvua za kwanza ziliponyesha, tuliuhamisha na udongo wake, umefungwa gunia la katani, wanaume wanne wakiubeba. Babu alikuwa amefunga kitambaa kwenye tawi la mashariki, na huko nyuma ya jiko tukauelekeza vile vile. Ulipukutisha majani kiasi, lakini haukufa.

Mama tulimhamisha kwa siku tatu. Ijumaa kaka alipiga simu, Jumatatu mama alikuwa kwenye basi na mabegi mawili. Daktari alisema asikae peke yake, na alisema kweli. Lakini hatukumpa habari mapema, tuliogopa atakataa. Kuku waligawiwa akiwa njiani. Wenzake wa kikoba walisikia ameshaondoka.

Leo asubuhi nimempigia jirani yake wa Muheza, nikampa mama simu. Wameongea nusu saa. Mama amecheka, kitu ambacho sijakisikia tangu aje. Mwishoni akauliza habari za mchungwa. Sauti ya jirani niliisikia vizuri: "Mvua haijanyesha wiki ya pili hii, bibi. Na hakuna aliyeumwagia. Jioni nitaupelekea ndoo mbili."

Mama akashukuru, akanirudishia simu, akanitazama.

"Jana uliniambia umeumwagia."