Jiwe la dirishani

Saa tano usiku, nyumba nzima imelala, na maneno ya mama bado yananizunguka. Aliyasema Alhamisi asubuhi jikoni, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, wala hakupandisha sauti. Leo Jumatatu. Katika siku za karibuni mdogo wangu amepeleka mahari Moshi na imepokelewa, karakana yetu ya kukata vito imehamia ghorofa ya pili, na mama mwenyewe ametolewa mtoto wa jicho la kulia, salama. Yote hayo yangestahili kuandikwa. Mimi naandika habari ya jiwe.

Wasomaji wangu wa zamani mnalijua. Niliwaambia mwaka jana, kipindi kile ambacho kila jioni nilikuwa nagombana na binti yangu mpaka majirani wanazima redio wasikilize. Ni tanzanaiti ghafi, kubwa kama punje ya mahindi, ina ufa ndani na haifai kukatwa, ndiyo maana fundi wangu alinipa. Naliweka dirishani, juu ya sinki. Jiwe ambalo halijachomwa lina rangi tatu: ukilitazama kwa upande huu buluu, ukiligeuza zambarau, ukiligeuza tena ni kahawia kama chai ya rangi. Mengi ya machimbo ya Mererani hutoka ardhini na ukahawia huo. Wateja hawautaki, kwa hiyo mawe huingizwa kwenye tanuri, joto la nyuzi kati ya 500 na 600, ile rangi ya chai inapotea na kubaki buluu na zambarau peke yake. La kwangu nilikataa lisichomwe. Binti akinijibu vibaya, au akirudi na daftari tupu, nalishika, nalielekeza kwenye mwanga, nazitafuta rangi zote tatu mpaka nizione, ndipo nafungua mdomo. Mara nyingi nikifika kwenye ile ya chai, neno nililotaka kulitoa limeshapoa.

Mama aliondolewa bandeji Jumatano. Alhamisi alikuwa anakagua nyumba yangu kwa jicho jipya: mafuta yaliyoruka ukutani, mvi zangu, uzi uliofumuka kwenye pazia. Akafika dirishani.

"Mwanangu."

"Abee, mama."

"Jana nimekuona umelishika hili jiwe kabla hujamjibu mtoto. Unaliambia nini?"

"Siliambii kitu, mama. Linanikumbusha nisikasirike."

Akanywa chai. Akakiweka kikombe mezani, taratibu.

"Mimi nilidhani kukukumbusha ni kazi yangu."

Basi. Akaenda kujilaza.

Nilidhani anaogopea dini yangu, kwamba ameona bintiye amegeuka wa kuomba mawe. Siku nzima kazini nikawa nampangia majibu. Mama, nia iko moyoni, jiwe ni la kushika tu. Mama, mimi mwenyewe wateja wakiniuliza tanzanaiti inatibu nini, nawaambia haitibu. Na ni kweli nawaambia. Inaniuma sana nikimwona mtu mwenye presha anaambiwa avae bangili ya mawe. Huyo anayedai wazee wa kale walikuwa wakilibariki jiwe hili anauza hadithi, maana dunia ilianza kulijua mwaka 1967, na hilo jina la tanzanaiti lilitolewa mwaka uliofuata na kampuni ya Tiffany ya New York. Mama yangu amelizidi umri jina hilo. Ubuluu wake unatokana na metali kidogo iitwayo vanadi iliyomo ndani, basi. Ila naamini mkono. Mkono ukizoeshwa kushika kitu fulani kila unapotaka kufanya uamuzi, unafika kabla ya kichwa, na ile nafasi ndogo ya kufika ndiyo ninayoihitaji.

Hayo yote nilikuwa namwambia mama kimoyomoyo huku naligandisha jiwe la mteja kwenye kijiti kwa nta ya moto, ili nilikate. Tanzanaiti haipendi joto la ghafla, tena ina upande mmoja ambao ukiushtua, inapasuka. Hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu. Nikasogeza moto karibu mno. Likatoa mlio mdogo, kama mtu amevunja punje ya mchele kwa meno, na mstari mweupe ukapita katikati. Fundi hakunigombeza. Alinitazama tu, akaniambia niende nyumbani.

Jumapili nikamsindikiza mama stendi, gari la Tanga. Tulifika mapema, tukakaa kwenye benchi, mfuko wa ndizi katikati yetu. Ndipo nikaiona pete ya marehemu baba kwenye kidole chake cha kati, imezungushiwa uzi mweusi isimpwaye. Ya fedha, jiwe la akiki. Akiki za namna hiyo zimevuka bahari kutoka Khambhat, India, kuja pwani yetu tangu kabla ya Wareno, nazo nyingi hupitishwa motoni ili wekundu ukolee. Nilishangaa kwamba miaka yote hii nakata mawe na sijawahi kulifikiria lile la baba.

Kondakta alikuwa anamgombeza abiria kwa sababu ya mzigo. Mama akaigeuza pete, jiwe likaingia kiganjani, akafumba mkono.

"Baba naye alikuwa anaigeuza hivyo," nikasema.

"Akikasirika. Ukimwona ameigeuza, unajua hatasema kitu mpaka airudishe. Wewe uliporudi na barua ya mwalimu, ile ya darasa la sita, aliigeuza tangu adhuhuri mpaka baada ya isha."

Barua ile naikumbuka. Nilikaa siku ile nzima nikingoja kiboko, na kiboko hakikuja. Na madrasa tulisomeshwa kwamba Mtume alivaa pete ya fedha yenye jiwe la Kihabeshi, akilielekeza upande wa kiganja. Nililikariri hilo bila kuinua macho nimtazame baba yangu mkononi.

Kwa hiyo hakulichukia jiwe langu. Nilikaa pale benchini nikiyasikia tena yale maneno, na safari hii neno zito lilikuwa "yangu". Tangu baba afariki, mama alikuwa ananipigia simu kila alfajiri, nusu dakika tu: umeamka, leo sema na watu vizuri. Mwaka jana nikaanza kutopokea. Saa ile namwandaa mtoto, chai iko motoni, nikawa namwandikia nitakupigia, nisimpigie. Baadaye akaacha. Jiwe lilikuja dirishani kipindi hichohicho, na sikuwahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja mpaka jana, gari likiwa limeshawashwa na yeye yuko dirishani ananiambia nirudi nisipigwe na jua.

Nilimpigia mwenyewe alipofika Korogwe. Akaniuliza kama nimefika nyumbani, yeye aliye njiani. Leo alfajiri simu ikalia, nikapokea nikiwa na unga mikononi. Umeamka? Nimeamka, mama, shikamoo. Marahaba, leo sema na watu vizuri. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo aliificha vibaya, na mimi nilisimama pale na simu yenye unga, nalia kama mtoto.

Jiwe bado liko dirishani. Jioni binti aliliinua akaniuliza rangi ya tatu iko upande gani, nikamwonyesha.

Paka ndiye hajarudi, tangu Jumamosi usiku. Jirani wa nyuma ametega sumu ya panya kwenye banda la mahindi, nimemuuliza, amekubali. Nimeacha mlango wa uani wazi na bakuli la dagaa, na kila kitu kikigonga bati natoka na tochi.