Kuwasha seva ya siri ya Vault kwenye Ubuntu: uzoefu wangu

Vault ni programu ya HashiCorp ya kutunza siri, kama manenosiri, ambazo programu nyingine huziomba humo. Amri za kuiwasha ni chache. Kinachokula muda ni cheti cha TLS (cha kusimba mawasiliano), lakiri (hali ya seva kufungwa isiweze kusoma data yake), swali la nani ashike funguo, na njia za kv toleo la pili (sehemu ya Vault inayohifadhi siri kwa jina na thamani). Naeleza nilivyopanga seva moja ya Ubuntu yenye hifadhi ya Raft, yaani Vault inaweka data kwenye diski yake yenyewe. Anayetumia OpenBao, tawi lililochipuka baada ya HashiCorp kubadili leseni ya Vault mwezi Agosti 2023, aandike `bao` badala ya `vault` na `BAO_ADDR` badala ya `VAULT_ADDR`. Mengine karibu yote yanafanana.

`vault server -dev` ni ya kujifunzia tu. Inaweka kila kitu kwenye RAM, inawaka ikiwa imeshafunguliwa, na ukibonyeza Ctrl+C siri zote zimekwenda. Naitumia kujaribu sera mpya (kanuni za nani anaruhusiwa kusoma nini) kabla ya kuipeleka kwenye seva halisi, basi.

Kifurushi cha apt kutoka hazina ya HashiCorp kinatengeneza mtumiaji `vault`, huduma ya systemd na faili `/etc/vault.d/vault.hcl`. Yaliyokuwemo niliyafuta nikaandika haya:

```
storage "raft" {
  path    = "/opt/vault/data"
  node_id = "vault-1"
}
listener "tcp" {
  address       = "0.0.0.0:8200"
  tls_cert_file = "/opt/vault/tls/tls.crt"
  tls_key_file  = "/opt/vault/tls/tls.key"
}
api_addr      = "https://10.0.0.12:8200"
cluster_addr  = "https://10.0.0.12:8201"
disable_mlock = true
```

Ukisahau `cluster_addr`, Raft inakataa kuwaka. `disable_mlock = true`, yaani kuacha kuifungia kumbukumbu ya programu ndani ya RAM, ndiyo inayopendekezwa kwa hifadhi ya Raft, lakini ina masharti yake: kumbukumbu ya programu sasa inaweza kumwagwa kwenye swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM), na humo kuna siri zisizosimbwa. Kwa hiyo nilizima swapu kwa `swapoff -a`, kisha nikaufuta mstari wake kwenye `/etc/fstab` isije ikarudi mashine ikiwashwa upya.

Cheti kinachokuja na kifurushi kitakusumbua. Hakina anwani ya IP ndani yake, kwa hiyo amri ya kwanza tu inajibiwa kwa kosa la x509 kuhusu `IP SANs`. Wengi hapo hukimbilia `VAULT_SKIP_VERIFY=true`, inayozima ukaguzi wa cheti, na kigezo hicho hubaki kwenye skripti miaka yote. Kutengeneza cheti chako ni mstari mmoja:

```
openssl req -x509 -newkey rsa:4096 -nodes -days 365 \
  -keyout tls.key -out tls.crt -subj "/CN=vault-1" \
  -addext "subjectAltName=IP:127.0.0.1,IP:10.0.0.12"
```

Ufunguo uwe mali ya mtumiaji `vault`, ruhusa 600. Nakala ya `tls.crt` niliiweka kwenye folda yangu, nikaielekeza amri ya `vault` huko:

```
export VAULT_ADDR=https://127.0.0.1:8200
export VAULT_CACERT=$HOME/tls.crt
sudo systemctl enable --now vault
vault status
```

Ukiona ujumbe kwamba seva imetoa jibu la HTTP kwa mteja wa HTTPS, ujue `VAULT_ADDR` haikuwekwa kwenye terminali hiyo na seva yako haina TLS, kama ile ya `-dev`. Chaguo-msingi la mteja ni https.

`vault status` itasema seva haijaanzishwa na imetiwa lakiri. Katika hali hiyo inaiona diski lakini haiwezi kusoma kilichomo, kwa sababu ufunguo wa kusimbua hauko kwenye mashine. Amri hiyo hutoka na namba 2 seva ikiwa imefungwa, 0 ikiwa wazi, na 1 kukiwa na kosa. Namba hizo ndizo ninazozitumia kwenye skripti ya kutoa tahadhari.

Kisha `vault operator init`, mara moja tu katika maisha ya seva. Usipotaja idadi, unapewa vipande 5 vya ufunguo, na vinatosha vitatu kufungua, kwa mbinu ya kugawa siri aliyoibuni Adi Shamir mwaka 1979. Unapewa pia tokeni ya mizizi, yaani ya kuingilia yenye mamlaka yote. Matokeo hayo hayatoki tena kwenye skrini. Ukipoteza vipande vitatu, hakuna fundi wa kukuokoa, data ndiyo imekwisha. Na vipande vyote vitano vikikaa kwenye kompyuta ya mtu mmoja, kugawa kwenyewe hakukuwa na maana. Chaguo `-pgp-keys` husimba kila kipande kwa ufunguo wa mshika wake, hivyo hata anayeendesha amri havioni.

Kufungua ni `vault operator unseal` mara tatu, kila mara kwa kipande kingine. Usibandike kipande kwenye mstari wa amri wenyewe. Bonyeza Enter, subiri uulizwe, la sivyo kinabaki kwenye historia ya bash.

Hapa ndipo wengi hushtuka: ukifanya `systemctl restart vault`, au umeme ukikatika, seva inarudi ikiwa imefungwa na programu zote zinakosa siri mpaka watu watatu wapatikane. Ukibadilisha cheti tumia `systemctl reload`, inatosha, na lakiri haiguswi. Kama umeme wenu si wa kuaminika, tafuta kufungua kwa ufunguo wa KMS (huduma ya kutunza funguo) ya wingu au Vault nyingine kabla ya kuitegemea kwa malipo.

Baada ya kuingia kwa `vault login`, jambo la kwanza ni daftari la ukaguzi, linaloandika kila ombi. Folda `/var/log/vault` iwe ya mtumiaji `vault`, kisha:

```
vault audit enable file file_path=/var/log/vault/audit.log
```

Likiwa ndilo daftari pekee na diski ikajaa, Vault huacha kujibu maombi kabisa. Imekusudiwa iwe hivyo. Niliweka logrotate, inayozungusha faili za kumbukumbu, itume ishara ya HUP baada ya hapo ili Vault ifungue faili upya.

Siri zenyewe:

```
vault secrets enable -path=kv kv-v2
vault kv put -mount=kv duka/db nenosiri=-
```

Kistari cha mwisho kinasoma thamani kutoka kwenye kibodi. Andika, kisha Ctrl+D mara mbili.

Sera ndiyo iliyonila muda kuliko vyote. Unaandika siri kwa njia `duka/db`, lakini toleo la pili linachomeka `data` katikati:

```
path "kv/data/duka/*" {
  capabilities = ["read"]
}
```

Ukiandika `kv/duka/*` sera inakubaliwa bila kelele, kisha programu inapata 403, yaani inanyimwa ruhusa. Kuorodhesha nako kunahitaji `kv/metadata/duka/*` na `list`.

```
vault policy write duka duka.hcl
vault auth enable approle
vault write auth/approle/role/duka token_policies=duka \
  token_ttl=1h token_max_ttl=4h secret_id_ttl=24h
```

AppRole ni njia ya programu kuingia kwenye Vault: role-id ni kama jina la mtumiaji, secret-id ni nenosiri lake, na viwili hivi visipite njia moja kufika kwenye programu. Tokeni isiyopangiwa muda huishi saa 768, yaani siku 32, muda mrefu mno kwa programu ya duka.

Tokeni ya mizizi niliifuta kwa `vault token revoke -self`, baada ya kuhakikisha akaunti ya msimamizi ya userpass (kuingia kwa jina na nenosiri) inaingia. Ikihitajika tena, washika vipande watatu wanaitengeneza kwa `vault operator generate-root`.

Nakala ya akiba ni `vault operator raft snapshot save akiba.snap`, kila usiku. Ijaribu kwenye mashine nyingine kwa `restore -force`, na wakati huo uwe na vipande vya seva ya zamani, maana vya mashine mpya havitaifungua.