Mchana wa Kuichora Bustani ya Peponi

Mchana ule tulitandika manila sakafuni, tukaweka penseli, rula na nakala za *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994 aliyoifasiri Ida Hadjivayanis kwa Kiswahili. Kazi ilikuwa moja: kuchora kila mahali Yusuf, mhusika mkuu, anapofika, na kuonyesha ukuta uko wapi na mlango anaushika nani. Tulikuwa tumechoshwa na usomaji wa safu mbili, huku Yusuf wa Kurani, huku wa riwaya, na alama ya vema kila wanapofanana.

Tulianza na duka. Mbele baraza, wanapolala Yusuf na Khalil. Kisha nyumba ya Aziz, tajiri mwenye duka, na bustani yake. Aliyeshika penseli akaichora bustani wazi pande zote, kama shamba. Tukamzuia. Yusuf amewekwa rehani kwa deni la baba yake, na mahali anapopatamani kuliko pote pako nyuma ya ukuta wa huyo huyo anayemdai. Ukifuta ukuta, umefuta kisa.

Ndani tuligawa robo nne, birika katikati, mifereji ikitoka humo kwenda pande nne. Mwalimu mmoja wa madrasa akatusomea aya ya 15 ya Sura Muhammad: mito ya maji, ya maziwa, ya mvinyo, ya asali. Kisha vioo. Wasomaji wengi huviruka wakidhani ni pambo, kumbe vimetundikwa mitini ili Bi Zulekha, mke wa Aziz, aione bustani bila kutoka ndani. Tukapiga mstari wa nukta kutoka chumbani kwake hadi kwenye kioo, na kutoka kioo hadi birikani. Ukishaupiga, unaona kuwa mtunza bustani, Mzee Hamdani, si macho pekee yaliyomo mle. Tulipofika pale Bi Zulekha anapolishika shati la Yusuf likachanika kwa nyuma, kama katika aya ya 25 ya Sura Yusuf, njia ya kutoka birikani hadi chumbani ilikuwa tayari kwenye karatasi.

Bara ilitusumbua zaidi. Mmoja alitaka kuibandika Kawa, mji anakotoka Yusuf, juu ya ramani ya Tanzania. Haibandikiki, reli ya Wajerumani ni ya historia, mji ni wa kubuni. Tukaacha kilomita, tukafuata mpangilio wa safari za biashara za Aziz: mlimani kwa Hamid mwenye duka, ziwani, kwa Chatu, mtawala wa bara. Kwa Hamid ndiko wanakozungumza habari za Yajuj na Majuj, watu waharibifu wanaotajwa katika Kurani, na ukuta aliowazuia nao Dhulkarnaini, ule wa vipande vya chuma na shaba iliyoyeyushwa. Tukauchora, halafu tukaulizana: nani yuko upande gani? Watu wa pwani wanadhani wanajua. Wakifika kwa Chatu, wao ndio wanaopokewa kama balaa iliyovuka ukuta, na ana sababu, maana wafanyabiashara waliowatangulia waliwadhulumu watu wake.

Ubishi mkali ulikuwa juu ya mshale wa mwisho. Yusuf wa Sura anatoka gerezani akakabidhiwa ghala za nchi. Huyu anasikia kama makomeo ya milango yakifungwa bustanini nyuma yake, anaukimbilia msafara wa askari wa Wajerumani. Mwalimu alitaka mshale ukome mlangoni, kwa kuwa riwaya inakoma pale. Mimi nilishikilia uvuke ukingo wa manila, kwa sababu jeshi lile ndilo mahali pekee anapokwenda Yusuf ambapo Gurnah hakutuonyesha ukuta wala mwenye mlango.