Siku Niliyojikuna Kichwa

Yule dada alihudhuria vikao sita bila kufungua kasha la tarumbeta lake. Alikaa karibu na mlango, kasha magotini, akasikiliza mpaka mwisho, akaondoka. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha kikao chetu cha jazi, kila Alhamisi, mwaka wa pili sasa. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina, kupanga nani apande na nani, na kuhakikisha wapiga gitaa saba hawapandi kwa pamoja. (Gitaa hazikosekani kamwe. Anayechelewa ni mpiga besi, na mwendeshaji hutoka nje kumchungulia kama anayengoja bwana harusi.)

Alhamisi ya saba akanijia. "Kaka, niandike. Bluzi tu."

Nikamweka kwenye bluzi ya B flati, nikawaonyesha wenzake vidole viwili vikielekea chini, yaani ufunguo wenye flati mbili, alama za kushusha noti. Bluzi haimfungii mtu mlango: vipimo 12 vya mapigo manne manne, kisha unarudi mwanzo, na kodi zake (za muziki, noti zinazopigwa kwa pamoja, si za serikali) karibu kila aliyekuja alizijua. Nikamwambia ana mizunguko miwili, mitatu akipenda.

Jukwaani hatusemezani, tunaashiriana. Ngumi juu, tunamaliza. Vidole vinne, tunapokezana na dramu vipimo vinne vinne. Na wimbo wenyewe, ule unaopigwa mwanzo na mwisho, wapiga jazi huuita kichwa; kwa hiyo mwendeshaji akijigusa utosi, anasema solo, zile zamu za mmoja mmoja kutamba, zimekwisha, turudi kwenye wimbo.

Alianza kwa noti tatu, akanyamaza kipimo kizima. Noti mbili, kimya tena. Macho kayafumba. Mpiga besi akapunguza nguvu asije akamfunika, na ukumbi, ambao kwa kawaida hupiga soga mtu akiwa katikati ya solo, ukatulia. Nilikuwa nimesimama kando ya piano, nimefurahi hata karatasi yangu nimeisahau. Jasho likanitambaa kichwani. Nikajikuna.

Mpiga dramu wetu hapitwi na ishara. Akamkonyeza mpiga besi, na mzunguko ulipogeuka saksafoni mbili zikaingia na wimbo. Dada, macho bado kafumba, aliendelea vipimo viwili juu yao, kisha akafumbua, akashusha tarumbeta. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, nikidhani kaamua mwenyewe kuishia pale.

"Mbona umemkata yule dada?" mpiga dramu akaniuliza baadaye.

"Nimemkata wapi?"

"Si umegusa kichwa?"

Nilipofika mlangoni alikuwa keshaondoka. Jina lake lilikuwa bado kwenye orodha, la wimbo wa mwisho.

Wapiga jazi hupenda kusimulia habari ya Charlie Parker, mpiga saksafoni aliyekuja kuwa gwiji wa jazi, angali kijana, Kansas City, Marekani, miaka ya 1930: mpiga dramu Jo Jones alilitupa toazi la dramu sakafuni karibu na miguu yake, kumwambia ashuke. Tunaisimulia kwa kicheko kwa sababu Parker alirudi akiwa Parker. Usiku ule sikucheka. Jones angalau alikusudia.

Alhamisi iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Nikaanza kuvaa kofia, wenzangu wakanitania. Ya tatu akaingia, akakaa palepale mlangoni. Nikamfuata, nikamweleza yote: jasho, utosi, mpiga dramu na macho yake makali. Jinsi nilivyozidi kueleza ndivyo ukweli wangu ulivyozidi kufanana na uongo. Alisikiliza bila kutabasamu.

Nilimwita wa kwanza. Alitoa tarumbeta, akafunga kasha tupu, akanikabidhi mbele ya bendi nzima.

"Nishikie, kaka. Mikono yote miwili. Usiachie mpaka nimalize."

Alipiga mizunguko mitano. Pua ilianza kuniwasha kwenye wa pili.